Mkonze mpaka Ihumwa: kisa cha abiria wa Jumapili usiku

Treni inayotoka Dar es Salaam kuja Dodoma huipita Ihumwa kwanza. Ihumwa iko mashariki mwa jiji, jirani kabisa na Mtumba ulipo Mji wa Serikali, na ndiko iliko bandari kavu. Treni ya abiria inapita hapo bila kusimama, inaendelea mpaka stesheni ya Mkonze, upande mwingine wa jiji. Mtu wa Ihumwa anashukia huko, kisha anaanza kurudi nyuma kilomita 20 hivi kwa barabara. Mchana hiyo ni kero ya kuvumilika. Usiku ni habari nyingine, na kisa hiki kilitokea usiku.

Aliyekutwa nacho ni wifi yangu. Ni katibu mahsusi katika ofisi moja ya Mtumba na amepanga Ihumwa ili awe karibu na kazi. Mumewe, kaka yangu, ana kazi Dar, na watoto wawili wakubwa wanasoma hukohuko. Mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, anakaa na mama yake. Familia ya namna hii si ya ajabu Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, watumishi wengi walikuja wao kwanza na nyumba zikabaki Dar au Morogoro, kwa sababu ya shule za watoto, kazi ya mwenzi, mgonjwa wa kuuguza, au nyumba ambayo haijapata mpangaji. Kwa basi, safari ya Dar ilikula siku nzima, hivyo mtu aliisubiri likizo au sikukuu. Usafiri wa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, kati ya Dar na Dodoma ulipoanza tarehe 25 Julai 2024, wiki moja kabla ya uzinduzi rasmi wa tarehe 1 Agosti, watu hawa ndio waliopumua kuliko wote. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka ofisini Ijumaa, akala chakula cha usiku na wanawe, na Jumatatu akawa kwenye kiti chake.

Hivyo ndivyo stesheni ya Mkonze ilivyopata abiria wa aina yake, wale wa Ijumaa na Jumapili. Ukiwatazama utawajua. Hawana masanduku makubwa wala hawaulizi behewa liko wapi, wamekwishazoea foleni ya ukaguzi, na tiketi iko kwenye simu kabla hawajafika getini. Jengo limewekwa tayari kwa msafiri wa mbali anayekuja mara moja kwa mwaka, lakini hawa wanalitumia kama mtu wa Gongo la Mboto anavyotumia kituo chake cha daladala. Mimi naona jambo la msingi katika kisa hiki liko hapo. Huduma ya stesheni inapimwa kuanzia mlango wa nyumba ya abiria hadi mlango wa nyumba yake ya pili, na kwa kipimo hicho Dodoma ina pengo la kilomita 20 ambalo linazibika kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kilichotokea

Niseme mapema kwamba treni yenyewe haina lawama. Alipanda ile ya Jumapili jioni, akalipa shilingi 31,000 za daraja la kawaida, na baada ya saa tatu na nusu hivi alikuwa Dodoma. Ilikuwa Julai, miezi ambayo upepo wa Dodoma usiku hauangalii umevaa nini. Saa 4:10 alikuwa ameshuka ngazi na kutoka nje, mtoto amelala begani kwenye kitenge, begi mgongoni, na mkononi ndoo ya plastiki yenye mfuniko iliyojaa samaki wa kukaanga wa soko la Feri, Dar.

Nje kulikuwa na kelele za kawaida za mahali pa aina hiyo. "Mjini! Mjini!" "Dada, boda hapa!" Daladala ilikuwepo moja, na ilijaa kabla hajaifikia. Konda akamwambia bila kuficha, "Mwisho Sabasaba, mama. Kule hupati gari la Ihumwa saa hizi." Alikuwa anasema kweli. Kupanda ile gari ilikuwa ni kuhamishia tatizo lake Sabasaba, ambako angesimama barabarani na mtoto usiku huohuo.

Bodaboda aliikataa mwenyewe, na alifanya vizuri. Mtoto aliyelala, ndoo na begi juu ya pikipiki, kwenye barabara ya Dar inayopitisha malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku kucha, hilo si jambo la kujaribu. Bajaji mbili zikamwambia Ihumwa ni mbali. Ikabaki teksi.

"Ihumwa elfu thelathini."

"Kaka yangu, kutoka Dar nimelipa elfu thelathini na moja!"

Dereva alikuwa mtu mzima, Mgogo, akamsalimia kwanza "Mbukwa" kisha akamweleza kwa upole. "Mwanangu, sikupandishii bei. Nikikufikisha Ihumwa saa hizi, kurudi narudi mtupu. Hiyo ni ya kwenda na kurudi."

Jibu hilo linafaa kutiliwa maanani, kwa sababu lina ukweli wote wa kiuchumi wa jambo hili. Abiria analipia gari zima, njia mbili, wakati yeye anahitaji siti moja, njia moja.

Mwisho alikombolewa na kijana asiyemfahamu, aliyepaza sauti katikati ya watu, "Nanenane tupo wawili, nani mwingine wa upande huo?" Akajitokeza mama mmoja wa Kisasa. Wifi yangu akasema Ihumwa. Wakajazana kwenye ile teksi ya mzee, wakagawana nauli kwa umbali, yeye wa mwisho akatoa 15,000. Majadiliano ya nani alipe nini, nani akae mbele na ndoo iwekwe wapi yalichukua muda mrefu, na kila mmoja aliyeshuka njiani alitaka afikishwe mlangoni, maana ni usiku. Aliingia kwake saa 5:55. Kutoka Dar mpaka Mkonze, zaidi ya kilomita 400, ni saa tatu na nusu. Kutoka Mkonze mpaka kitandani, saa moja na dakika arobaini na tano, nusu nzima ya muda wa treni. Na nauli ya kipande kile kidogo ilikaribia nusu ya nauli ya treni.

Wale wanne

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema ni suala la usalama wa wanawake usiku, na ni kweli lipo. Mimi kilichonikaa kichwani ni wale wanne. Hawakujuana, walikutana kwa sauti ya kijana mmoja, na wote njia yao ilikuwa moja, yaani mjini, Bunge, Kisasa, Nanenane, Ihumwa. Dodoma imekua kwa kufuata barabara ya Dar. Kituo kikuu cha mabasi na soko kubwa jipya viko Nzuguni, ofisi za wizara ziko Mtumba, nyumba za kupanga zimefuata ofisi. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na yeyote anayepita barabara ile saa moja asubuhi anaona wengi wao wanaelekea wapi.

Sasa, seti moja ya mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, inabeba abiria 589. Tuseme imejaa, na katika kila abiria ishirini ni mmoja tu anayekwenda Nanenane, Ihumwa au Mtumba. Tayari una watu 29. Hao wanajaza Coaster. Na Jumapili usiku, watumishi wakiwa wanarudi kazini, sitashangaa wakiwa wengi zaidi ya hapo. Wapo wa kujaza gari kila Jumapili, isipokuwa wanatoka getini wakiwa wametawanyika, kila mmoja anapatana bei na dereva wake, na hakuna anayejua kwamba aliyekaa behewa la pili ni jirani yake wa mtaa wa pili.

Kwa nini basi daladala haiji? Nilimuuliza dereva mmoja anayefanya njia ya Mtumba mchana. Alinipa sababu zake bila kuzunguka. Hesabu ya tajiri anaikamilisha saa mbili usiku, na baada ya hapo kila kilomita ni mafuta yake mwenyewe. Treni hajui inafika saa ngapi kwa hakika, anasikia tu kwamba ipo ya usiku. Akienda Mkonze akakaa, halafu watu wote wakashuka na kuchukuliwa na ndugu zao, amekula hasara. Kibali chake kinaanzia stendi ya mjini, si Mkonze, na askari akimkuta huko ana maelezo ya kutoa. Kisha akaongeza jambo ambalo nisingelifikiria, kwamba pale nje vijiwe vina wenyewe. Teksi wana zamu yao, boda wana zamu yao, na daladala ngeni ikisimama katikati ya zamu za watu inageuka ugomvi.

Nauli nayo inamfunga. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, iliweka nauli ya juu ya daladala za mijini kuwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, ikipanda kidogokidogo kwa umbali. Nauli hiyo ina mantiki kwa gari linaloshusha na kupakia njia nzima kutwa. Gari linalosubiri treni usiku, likaenda limejaa na kurudi tupu, halilipi kwa nauli hiyo. Abiria naye, kati ya 800 asiyoipata na 30,000 asiyoiweza, angetoa 2,000 au 3,000 huku anashukuru. Watu 15 wakitoa 2,000 kila mmoja, zinafika zilezile elfu thelathini za mzee wa teksi.

Kuhusu kusimama Ihumwa

Kila nikieleza kisa hiki, mtu anauliza upesi, si treni isimame tu Ihumwa? Nimelifikiria sana swali hili, na nadhani jibu rahisi si zuri. Reli hii ni ya umeme, treni zake zinafikia kilomita 160 kwa saa, na njia ni moja, treni hupishana stesheni au kwenye njia za pembeni. Treni ya uzito ule haisimami kama daladala. Inapunguza mwendo kwa kilomita kadhaa, inasimama, inapandisha mwendo tena, na muda wote huo treni nyingine inayongoja kupishana nayo nayo imesimama. Kituo cha abiria kinataka pia jukwaa la usawa wa mlango, ukaguzi, njia ya kuvuka reli iliyozungushiwa uzio, na wafanyakazi. Ukiongeza kituo Ihumwa kwa ajili ya watumishi wa Mtumba, watu wa maeneo mengine ya njiani watauliza vilevile, na watakuwa na haki. Ndani ya miaka michache treni ya haraka inakuwa treni ya kila kituo.

Treni fupi ya mjini ni jambo jingine kabisa, nalo naliunga mkono kwa moyo wote. Dodoma ina bahati ya reli mbili. Ile ya zamani, ya mita moja, Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na ikafika hapa 1910, na stesheni yake iko katikati ya mji, unatoka getini unatembea mpaka sokoni. Reli hiyohiyo inapita Ihumwa. Dar walionyesha namna ya kufanya. Tarehe 29 Oktoba 2012 ilianza ile ambayo watu waliibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na nyingine kwenye reli ya TAZARA. Mwaka 2016 ikaongezwa ya Pugu. Hazikusubiri reli mpya. Zilitumia njia iliyokuwepo, zikatembea asubuhi na jioni, saa za watu kwenda na kurudi kazini. Wazo la treni ya mjini kwa Dodoma limezungumzwa miaka kadhaa sasa, na mtu anayeishi kwenye barabara ile hahitaji kuelezwa faida yake.

Hata hivyo, treni ya asubuhi na jioni haitamsaidia anayeshuka Mkonze saa nne usiku Jumapili. Kwa yeye, jibu la karibu ni gari la matairi lenye ratiba iliyofungwa na ratiba ya treni. Dar msafiri huyohuyo ana nafuu kwa sababu stesheni ya SGR iko katikati ya mji, na kituo cha mwendokasi cha Gerezani kiko jirani. Stesheni ya Dodoma haingeweza kukaa Uhindini, kwani reli ya mwendo ule inataka kona pana na ardhi nyingi, na kuipitisha katikati ya mji kungevunja nyumba za watu wengi. Kukaa pembeni kuna sababu zake. Ila stesheni ikishawekwa pembeni, gari la kuiunganisha na mji linapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya stesheni, kama vyoo na taa. Inanisikitisha zaidi nikikumbuka kwamba mpango wa kwanza wa jiji hili, wa mwaka 1976, uliiwaza Dodoma kuwa mitaa iliyounganishwa kwa njia za mabasi na za waenda kwa miguu. Usafiri wa umma ulikuwa kwenye wazo la jiji tangu mwanzo.

Walichofanya

Wifi yangu hakukaa kulalamika. Yule kijana wa Nanenane alichukua namba za wote kwenye teksi, akafungua kundi la WhatsApp la abiria wa barabara ya Dar, na likakua kwa watu kuambiana ndani ya behewa. Wakamtafuta dereva wa Hiace, yule wa njia ya Mtumba niliyemtaja, wakakubaliana hivi: Jumapili saa 10 jioni kila anayesafiri anaandika jina na mahali anaposhuka. Wakifika kumi, gari linakuja. Nauli inatumwa kwa simu kabla treni haijafika Morogoro, ili dereva asiwashe gari kwa ahadi. Treni ikipita Gulwe mmoja wao anamwandikia, naye ndipo anatoka nyumbani.

Limefanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, na limeonyesha pia penye ufa. Treni ilipochelewa Jumapili moja, dereva alisubiri hadi usiku mwingi na kesho yake alfajiri alikuwa na zamu ya Mtumba. Alikwenda, lakini aliwaambia hatarudia bila fidia, wakakubali kuweka akiba ndogo ya siku za kuchelewa. Asiye na simu janja au asiyelijua kundi bado anabaki nje na mzee wa teksi. Wakati wa kufungua shule ni shida tupu, kwa sababu watu ni wengi kuliko siti na waliolipa mapema wanaona wanaosimama wanawabana. Na ugomvi wa kijiwe ulitokea kweli. Uliisha pale kundi lilipowaambia madereva wa teksi kwamba Hiace haitaingia mjini kushusha mtu yeyote, itapita moja kwa moja kuanzia Kisasa. Wale wa teksi walibaki na abiria wao wa mjini, ambao ndio wengi, na amani ikarudi.

Kwa maoni yangu makubaliano haya yana thamani kama jaribio. Yamethibitisha kwamba watu wa kujaza gari wapo, kwamba wako tayari kulipa mara mbili au tatu ya nauli ya kawaida, na kwamba kinachomtisha mwenye gari ni kutojua treni inafika lini. Hayafai kubaki kama yalivyo. Huduma inayotegemea kundi la simu inamtumikia anayejuana na watu, na stesheni ni ya umma.

Kwa hiyo wameandika barua kwa wanaohusika na vibali vya daladala. Nimeisoma. Wanaomba kibali cha njia ya Mkonze hadi Mtumba kwa treni za usiku, Ijumaa na Jumapili kwa kuanzia, chenye nauli yake ya usiku iliyotangazwa. Wanaomba saa ya treni kufika iandikwe mahali ambapo dereva wa daladala anaiona, pamoja na taarifa ya kuchelewa. Wanaomba kibanda na taa pale abiria wanaposubiri, na nafasi ya kuegesha magari mawili isiyo ya kijiwe chochote. Yule dereva aliposomewa aliomba kiongezwe kipengele kimoja, kwamba mwenye kibali hicho asipofika usiku wenye treni anyang'anywe, apewe mwingine. Wamekiongeza, na wiki hii wanakusanya saini ndani ya treni.